Nasaba za Majeshi: Vikosi vya China katika Vita vya Reli ya Tianjin na Pukou, 1937

Mpangilio wa majeshi vitani, ule unaoandikwa na makarani wa makao makuu kwa safu zilizonyooka, kila jeshi na nambari yake na kila nambari na jemadari wake, husomwa na watu wengi kama daftari la hesabu: divisheni ngapi, mizinga mingapi, nani yu chini ya nani. Mimi nimezoea kuusoma kama wazee wa pwani wanavyoisoma shajara ya nasaba, kwa kuuliza nani kamlea nani, nani alimkana nani, na deni gani baina yao halijalipwa. Wala sijui vita vinavyoithibitisha njia hii ya kusoma kuliko vile vilivyopiganwa kuanzia Agosti hadi Desemba 1937 kando ya reli itokayo Tianjin, kaskazini ya China, hadi Pukou kwenye ukingo wa mto Yangtze. Aliyeitazama karatasi aliona makundi mawili ya majeshi, wapanda farasi, na divisheni zaidi ya kumi zikiwa chini ya amiri mmoja; aliyeijua nasaba aliona watu waliokwisha kuachana, wakasalitiana na kupigana wao kwa wao, na sasa wamepangwa mstari mmoja kumngoja Mjapani.

Reli yenyewe Wachina waliiita Jinpu. Ilikamilika mwaka 1912 kwa mikopo ya Wajerumani na Waingereza, na urefu wake ulikuwa kilomita 1,009. Ilitoka Tianjin karibu na bahari, ikateremka kusini sambamba na Mfereji Mkuu wa kale, ikapita Machang, Cangzhou na Dezhou, ikavuka Mto Manjano kwa daraja la chuma la Luokou ambalo urefu wake unazidi kilomita moja, ikaingia Jinan, makao ya jimbo la Shandong. Kisha ilipita chini ya mlima Tai hata ikafika Xuzhou, ilikokatana na reli ya Longhai iendayo mashariki na magharibi, na hatima yake ilikuwa Pukou, ambako tangu 1933 mabehewa yalivushwa kwa pantoni mpaka Nanjing, mji mkuu wa serikali ya Chiang Kai-shek. Katika nchi ambayo barabara zake wakati wa mvua ziligeuka matope na malori yalikuwa machache, njia ya namna hii ndiyo iliyoleta mchele, risasi na askari wapya, na ndiyo iliyorudisha majeruhi. Jeshi lililojitenga nayo mwendo wa siku mbili lilikuwa kama jahazi lililokata nanga.

Balaa la Wachina lilikuwa kwamba reli zao kuu tatu za kaskazini zote zilianzia upande mmoja, wa Beiping na Tianjin. Ya kwanza ndiyo hii ya Jinpu. Ya pili ni Pinghan, itokayo Beiping, ndiyo Beijing ya leo, kwenda Hankou. Na ya tatu ni Pingsui, itokayo Beiping kuelekea kaskazini-magharibi kupitia mlango wa mlima wa Nankou. Baada ya mapigano yaliyoanza tarehe 7 Julai 1937 penye daraja la Lugouqiao, Beiping na Tianjin ziliponyoka mwishoni mwa mwezi uleule, na adui akawa amekalia fundo lililofungia kamba zote tatu. Angeweza kuhamisha divisheni yake kutoka kamba moja hadi nyingine kwa safari fupi, ilhali Mchina aliyetaka kuwatoa watu wake Jinpu awapeleke Pinghan hakuwa na njia ila kurudi kusini hadi Xuzhou, akafuata reli ya Longhai magharibi hadi Zhengzhou, ndipo apande tena kaskazini; kwa kuwa reli ya kuziunganisha Dezhou na Shijiazhuang haikuwapo mpaka Wajapani wenyewe walipoijenga baada ya kuiteka nchi. Na aliyetaka kuendelea hadi jimbo la Shanxi alikutana na shida nyingine: Yan Xishan, mtawala wa jimbo lile, alikuwa na reli ya upana wa mita moja, upana uleule wa reli ya kale ya Mombasa na ya Dar es Salaam hadi Kigoma, ambayo mabehewa ya reli kuu hayawezi kuikanyaga, hivyo kila mzigo na kila mzinga ulipakuliwa Shijiazhuang na kupakiwa upya. Husemwa kwamba Yan alichagua vyuma vyembamba kwa kuona gharama. Wengine husema alitaka majeshi ya wenziwe yasimfikie kwa wepesi. Kwa kuijua tabia ya watawala wa zama zile, sioni sababu ya kuikataa kauli yoyote kati ya hizo mbili.

Sasa tuifahamu ngazi ya vyeo, kwa maana bila hiyo majina yatakayofuata yatakuwa kelele tu. Chini kabisa ipo kombania, juu yake batalioni, kisha rejimenti. Rejimenti mbili hufanya brigedi, na brigedi mbili hufanya divisheni, ambayo kwa kanuni zilizotengenezwa na Nanjing kwa nasaha za maofisa wa Kijerumani ilipaswa kuwa na watu karibu 11,000, na aghalabu haikuwafikia. Divisheni mbili au tatu zilifanya kile ambacho Wachina hukiita *jun*, nami nitakiita jeshi. Majeshi kadhaa yalifanya kundi la majeshi. Na juu ya makundi likawekwa eneo la vita, ambalo amiri wake alipokea amri kutoka Nanjing. Divisheni ya Kijapani peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 20,000, na mizinga ambayo jeshi zima la Kichina halikuwa nayo. Kwa hiyo msomaji anayekuta katika vitabu kwamba divisheni tano zilishindwa na moja asikimbilie kudhani kwamba waliotoroka walikuwa waoga, bali kwanza ahesabu vichwa, halafu ahesabu mizinga.

Ngazi ile ilikuwa na vidato vingi mno, na vita vilipoanza vikaongezwa vingine. Mfano ulio wazi ni Jeshi la 29 la Song Zheyuan, lililopata sifa mwaka 1933 kwenye Ukuta Mkuu, pale Xifengkou, ambapo askari wake walimwendea adui usiku kwa majambia mapana. Mwaka 1937 jeshi hili ndilo lililokuwa na ulinzi wa Beiping na Tianjin, nalo lilikuwa na divisheni nne za waenda kwa miguu: ya 37 ya Feng Zhi'an, ya 38 ya Zhang Zizhong, ya 132 ya Zhao Dengyu na ya 143 ya Liu Ruming. Tarehe 28 Julai, katika kambi ya Nanyuan, Zhao aliuawa pamoja na Tong Linge, naibu amiri wa jeshi. Mabaki yalipofika kusini ya Tianjin mwezi wa Agosti, amri ikaja kutoka Nanjing kwamba Jeshi la 29 sasa liitwe Kundi la Kwanza la Majeshi: divisheni ya Feng Zhi'an ikakuzwa kuwa Jeshi la 77, ya Zhang Zizhong ikawa Jeshi la 59, na ya Liu Ruming, iliyokuwa mbali upande wa jimbo la Chahar, ikawa Jeshi la 68. Vyeo vilipanda, mihuri mipya ikachongwa, walakini watu hawakuzaliwa kwa muhuri. Ilikuwa njia ya kuwaridhisha majemadari waliopoteza miji yao, na pengine kwa siasa haikuwa njia mbaya. Lakini karani wa adui aliyesoma magazeti ya Nanjing angedhani anakabiliwa na majeshi matatu mapya, ilhali yule aliyekuwa kwenye handaki la Machang alijua kwamba ni wale wale wa mwezi uliopita, wamechoka na wamepungua.

Hapa ndipo nasaba inapoingia. Song Zheyuan, Zhang Zizhong, Feng Zhi'an na wenzao walikuwa wana wa kijeshi wa mtu mmoja, Feng Yuxiang, yule jemadari Mkristo aliyeipindua Beijing mwaka 1924 na kuliunda jeshi lililojiita la taifa. (Feng Yuxiang na Feng Zhi'an si ndugu wa damu, Wachina hutanguliza jina la ukoo, na jina la Feng wanalo wengi.) Mwaka 1930 Feng alipigana na Chiang Kai-shek katika vita vikubwa vya nyanda za kati akashindwa, na jeshi lake likagawanywa kama mirathi ya marehemu asiyeacha wosia. Song aliyakusanya mabaki, ndiyo yaliyokuwa Jeshi la 29. Pang Bingxun alikwenda zake na watu wake. Han Fuju na Shi Yousan walikuwa wamekwisha kumkimbia mzee wao mwaka 1929 wakajiunga na Chiang, na Han akapewa jimbo la Shandong, alilolitawala tangu 1930 kama mwenye shamba anavyotawala shamba lake: ushuru wake, majeshi yake, mahakama yake.

Watu hawa wote walikutana tena kando ya reli ya Jinpu mwaka 1937, na si kwa kupenda kwao.

Mwezi wa Agosti nchi iligawanywa katika maeneo ya vita. La Kwanza lilichukua jimbo la Hebei, na kwa hiyo lilikuwa na reli mbili ndani yake, Pinghan na Jinpu. La Pili lilikuwa Shanxi na upande wa reli ya Pingsui, chini ya Yan Xishan. La Tatu lilikuwa Shanghai. La Nne lilikuwa pwani ya kusini. Na la Tano lilikuwa Shandong na kaskazini ya Jiangsu. Yalipoanza mapigano ya Shanghai tarehe 13 Agosti, Chiang alizipeleka huko divisheni zake bora zilizofundishwa na Wajerumani, ya 36, ya 87 na ya 88, na kaskazini ikabaki zaidi na majeshi ya majimbo. Ikadhihirika upesi kwamba amiri mmoja hawezi kuzitazama reli mbili zilizoachana kwa masafa ya siku kadhaa za kutembea. Basi mwezi wa Septemba Eneo la Kwanza likakatwa, na upande wa Jinpu ukafanywa Eneo la Vita la Sita, akapewa Feng Yuxiang, na naibu wake akawa Lu Zhonglin, mtu wake wa zamani.

Wazo hili lina mantiki yake na halifai kudharauliwa. Ikiwa askari ni wa ukoo wa Feng, na majemadari ni wana wa Feng, nani awaamrishe ila Feng? Chiang, ambaye hakumpenda mzee huyu wala hakumwamini, alifanya alichokiweza: alimtafutia baba watoto waliotawanyika. Kosa lilikuwa katika kusahau kwamba watoto wale walikwisha kujenga nyumba zao wenyewe. Song hakupendezwa kumwona mwalimu wake akiketi juu yake baada ya miaka saba ya kujitawala, na kabla ya mwezi kwisha aliomba ruhusa ya maradhi akaenda kupumzika mlima Tai, akimwachia Feng Zhi'an shughuli za kundi lake. Zhang Zizhong hakuwapo kabisa: alikuwa amebaki Beiping kwa amri ya Song ili azungumze na Wajapani na kununua muda, watu wakamwita msaliti, akatoroka kwa siri, na Jeshi lake la 59 likapigana kando ya reli likiongozwa na naibu wake Li Wentian. Ama Han Fuju, yeye ndiye aliyekuwa na kisa kirefu zaidi na Feng, kwa kuwa alikwisha kumkana mara moja, na anayemkana mzee wake mara moja huishi akihofu siku ya kulipizwa.

Mipaka ya maeneo iliongeza chumvi katika kidonda. Kundi la Tatu la Majeshi, la Han, lilikuwa na divisheni tano, ya 20, ya 22, ya 29, ya 74 na ya 81, nyingi zikiwa katika Jeshi la 12 la Sun Tongxuan na Jeshi la 55 la Cao Fulin, na kwa hesabu lilikuwa miongoni mwa yaliyosalimika kupita yote ya upande ule, kwani lilikuwa halijapigana. Alipohitajiwa kuisaidia Hebei, Han alitakiwa kumtii Feng wa Eneo la Sita. Lakini jimbo lake, hazina yake na nyumba yake vilikuwa katika Eneo la Tano. Eneo la Sita lilikuwa na sura ya reli yenyewe, refu na jembamba, mbele yake Hebei iliyokwisha kushikwa nusu na nyuma yake Shandong isiyokuwa yake. Amiri asiyemiliki nchi iliyo nyuma ya askari wake hupigana akiegemea ukuta wa jirani, na jirani huyu hakuwa na haja ya kupokea wageni.

Wengine waliopangwa kando ya Jinpu walikuwa mayatima wa namna nyingine. Jeshi la 49 la Liu Duoquan na la 67 la Wu Keren yalikuwa ya Manchuria, yaliyofukuzwa kwao mwaka 1931, na mkuu wao Zhang Xueliang alikuwa mahabusu wa Chiang tangu kisa cha Xi'an cha Desemba 1936. Jeshi la 40 la Pang Bingxun lilikuwa jeshi kwa jina, kwa kuwa lilikuwa na divisheni moja tu, ya 39. Shi Yousan, aliyehama pande nyingi kiasi cha kuwachosha hata waandishi wa tarehe, alikuwa na Divisheni ya 181 chini ya Song. Kwa jemadari wa zama zile askari walikuwa ndio mali, ndio cheo, ndio dhamana ya uhai wake. Aliyeteketeza divisheni yake kwa ajili ya taifa aliweza kuona jina lake likifutwa daftarini na mabaki yake wakapewa mwingine, naye aliyeiokoa kwa kurudi nyuma alibaki na la kuuza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hawa wote walikuwa wameumwa.

Upande wa pili mambo yalikuwa mepesi kueleza, nami sitakawia hapo. Mwisho wa Agosti Wajapani waliunda Jeshi la Eneo la China Kaskazini chini ya Terauchi Hisaichi, lenye divisheni nane. Ndani yake Jeshi la Kwanza la Katsuki Kiyoshi lilipewa Pinghan, na Jeshi la Pili la Nishio Toshizō likapewa Jinpu, ambako Divisheni ya 10 ya Isogai Rensuke ndiyo iliyokuwa mkuki, ikisaidiwa na ya 16 ya Nakajima Kesago. Reli moja, jeshi moja, amri moja. Na ilipotakiwa, divisheni iliondolewa reli hii ikapelekwa kwingine bila ya mtu kuomba ruhusa ya maradhi.

Kitu kilichowachelewesha kilikuwa maji. Mwaka ule mvua za kaskazini zilikuwa kubwa, mito ikapasua kingo zake, na nchi tambarare kusini ya Tianjin ikawa ziwa. Pakavu palipobaki palikuwa tuta la reli na kingo za Mfereji Mkuu. Vita vikawa vya ajabu: majeshi makubwa yakipigania ukanda ambao mahali pengine haukuzidi upana wa tuta lenyewe, huku mashua zikipita kando na garimoshi zilizovikwa chuma zikisogea mbele na kurudi. Kwa mlinzi hali hii ingeweza kuwa rehema, maana adui hakuweza kutandaza mizinga yake. Lakini ilitaka jambo moja ambalo mpangilio wa Wachina haukuweza kulitoa, nalo ni akiba. Mahali pembamba panapotetewa huhitaji kikosi kinachosubiri nyuma, chini ya mkono wa mtu mmoja, kiingie pale ukuta unapotoboka. Kila jemadari wa Jinpu alikuwa na akiba yake mwenyewe, ya kuwalinda watu wake mwenyewe, na hapakuwa na akiba ya wote.

Hivyo Machang ilianguka kabla ya katikati ya Septemba. Mbele ya Cangzhou Pang Bingxun, mwenye jeshi dogo kuliko wote, alisimama kwa ukaidi, askari wake wakapukutika, na msaada ulipokuja ulikuja kwa mafungu madogo. Mji ukatekwa tarehe 24 Septemba. Siku ileile, upande wa Pinghan, Baoding nayo ilianguka, ambako Kundi la Pili la Liu Zhi lilikuwa na mchanganyiko uliofanana: Jeshi la 52 la Guan Linzheng, ambalo ni la serikali kuu, lilipigana Baoding, Jeshi la 53 la Wan Fulin, la Manchuria, lilikuwa ubavuni, na la Tatu la Zeng Wanzhong lilitoka Yunnan, mbali kusini-magharibi. Naona kuanguka kwa miji miwili kwa siku moja katika reli mbili kunatosha kuwajibu wanaoutupa mzigo wote juu ya Feng au juu ya Han peke yake: ugonjwa ulikuwa wa mwili mzima.

Dezhou ulikuwa mlango wa Shandong. Feng alitaka Han asogeze divisheni zake kaskazini, apige ubavu wa adui maadamu Divisheni ya 10 imejinyoosha kwenye tuta kama nyoka juu ya ukuta. Han alitoa kidogo na kwa kuchelewa. Divisheni ya 81 ilipigana kweli Dezhou, na waliobaki ndani ya mji waliangamia karibu wote siku za mwanzo za Oktoba. Lakini sehemu kubwa ya Kundi la Tatu haikuguswa. Mwezi uleule Eneo la Sita likafutwa na Feng akaitwa arudi. Halikufikisha hata miezi miwili. Manahodha wengi chombo huenda mrama, ndivyo wasemavyo mabaharia wetu. Hapa nahodha alikuwa mmoja, tena mzoefu, ila kila baharia alikuwa na mashua yake imefungwa ubavuni mwa chombo, na jicho lake lilikuwa kwenye mashua.

Baada ya hapo upande huu ulitulia kwa majuma mengi, na utulivu wenyewe una maelezo. Wajapani waliiondoa Divisheni ya 16 na kuipeleka upande wa Shanghai, wakimwacha Isogai peke yake kaskazini ya Mto Manjano; na pia walitumaini kumpata Han kwa maneno pasipo risasi, naye Han hakuwavunja moyo, alizungumza na kungoja. Katikati ya Novemba alilivunja daraja la Luokou kwa baruti, akaweka mto baina yake na adui, na kwa muda ikaonekana kwamba amechagua. Mlinzi wa haki angesema hapa kwamba huu ndio uliokuwa wakati bora wa Kundi la Tatu: divisheni tano nyuma ya mto mpana, mbele yake divisheni moja ya adui. Li Zongren wa Guangxi, aliyekabidhiwa Eneo la Tano na makao yake yakiwa Xuzhou, alimtaka Han, ambaye sasa alikuwa naibu wake, aushike mto, na ukishindikana asimame Tai'an katika milima.

Wajapani walivuka katika wiki ya mwisho ya Desemba, siku chache baada ya Nanjing kuanguka. Han aliondoka Jinan karibu bila ya vita, akaipita Tai'an, akaelekea magharibi ya jimbo akiwa na majeshi yake, mali yake na fedha za benki. Mlango wa reli ukabaki wazi kuelekea Xuzhou. Tarehe 11 Januari 1938 aliitwa mkutanoni Kaifeng na kukamatwa, na tarehe 24 alipigwa risasi Wuchang kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi, kwa kosa la kurudi nyuma bila amri.

Wapo wanaosema kwamba aliuawa kwa sababu hakuwa mtu wa Chiang, na kwamba majemadari wa Chiang waliorudi nyuma kwa kasi ileile walipata vyeo. Hoja hii ina ukweli wake: Liu Zhi alipoteza sehemu kubwa ya Pinghan na hakupigwa risasi. Lakini yapo mambo mawili yanayoitenganisha kesi ya Han. Liu alirudi baada ya kupigwa. Han alirudi ili asipigwe. Na kifo chake kilibadilisha hesabu waliyokuwa wakiipiga majemadari wote wa majimbo, kwa kuwa mpaka siku ile kuokoa askari ilikuwa ndiyo njia ya kuokoa shingo.

Nimesema mengi juu ya nasaba, na naona nijibu pingamizi ambalo msomaji makini amekwisha kulitayarisha: je, si silaha zilizoamua? Silaha ziliamua mengi. Ndege hazikuwapo za kutosha hata kuulinda mji mkuu, mizinga ilikuwa ya kila kiwanda na kila ukubwa, na hakuna mpangilio wowote wa vyeo ambao ungeirudisha Tianjin mwaka 1937. Lakini swali la mchambuzi ni kwa nini watu walewale, wenye bunduki zilezile, walipigana vibaya mwezi wa Oktoba na vizuri mwezi wa Machi. Mwanzoni mwa 1938 Li Zongren alikuwa na nini Xuzhou? Alikuwa na Pang Bingxun na mabaki yake ya Cangzhou. Alikuwa na Jeshi la 59, ambalo Zhang Zizhong alikwisha kurudishiwa. Sun Tongxuan na Cao Fulin walibaki na majeshi ya Han aliyeuawa, na Yu Xuezhong, mtu wa Manchuria, aliushika mto Huai upande wa kusini wa reli hiyohiyo. Aliongezewa watu wa Sichuan, waliotembea na ndara za majani, ambao Yan Xishan wa Eneo la Pili aliwafukuza na Eneo la Kwanza likakataa kuwapokea; Li aliwapokea, na mmoja wao, Wang Mingzhang wa Divisheni ya 122, alikufa akiutetea mji wa Tengxian kwenye reli tarehe 17 Machi, akachelewesha safari ya Isogai.

Li hakuwa mzee wao. Hakumlea hata mmoja, hakumdai hata mmoja, na kwa kuwa naye alikwisha kupigana na Chiang siku za nyuma, alijua kinachomnyima usingizi jemadari wa jimbo. Alimwahidi Pang kwamba kikosi chake hakitafutwa wala kupunguzwa, akampatia risasi na nyongeza. Jambo dogo, wala haliandikwi katika safu za mpangilio wa majeshi, walakini kwa maoni yangu lilikuwa na uzito kuliko kuundwa kwa Eneo la Vita la Sita lote.

Mwezi wa Machi, Divisheni ya 5 ya Itagaki Seishirō iliposhuka kutoka pwani ya Shandong kuelekea Linyi, aliyekuwa ndani ya mji ni Pang. Aliyekuwa karibu kumwokoa ni Zhang Zizhong. Li anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba mwaka 1930 Pang alimgeukia Zhang ghafula wakiwa upande mmoja, na kwamba Zhang alikwisha kusema yu tayari kupigana popote ila pamoja na Pang Bingxun. Safari hii alikubali. Jeshi la 59 lilitembea usiku na mchana, likafika Linyi tarehe 12 Machi, likavuka mto Yi na kumpiga adui ubavuni wakati Pang akitoka mbele, na Wajapani wakarudi nyuma. Divisheni za Itagaki na Isogai hazikukutana kwa wakati, na askari wa Isogai wakaingia Taierzhuang, kwenye tawi dogo la reli ya Jinpu, walikofukuzwa tarehe 7 Aprili 1938.

Katika mpangilio wa majeshi wa mwezi ule, Pang na Zhang wameandikwa chini ya Eneo la Vita la Tano, kila mmoja na jeshi lake, Jeshi la 40 na Jeshi la 59, kwa nambari zilezile ambazo majeshi hayo yalikuwa nazo Cangzhou.